Sura ya Tisa: Nati ya Upande wa Kushoto

Wilf Preece alikuwa amekwisha kukiri kosa, na hilo ndilo lililomkera Inspekta Hilary Garbett.

Mpelelezi mwingine angeshukuru Mungu akanywa chai yake. Fundi huyo mzee wa magari pale Ludbury alikuja kituoni Jumatatu asubuhi kwa miguu yake, kofia mkononi, akaandikisha maelezo kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha Roland Tipton. Alisema alipolikagua gari la Roland siku ya Ijumaa, kwa niaba ya klabu ya magari ya zamani, alilegeza nati moja ya nyuma ili aitazame bushi, yaani mpira wa kiungo cha gurudumu, kisha simu ikalia, naye akasahau kuikaza tena. Jumapili Roland akaliingiza gari hilo katika mashindano ya kupanda kilima cha Prescombe. Kwenye kona ya tatu, mbele ya wanaklabu wote na vikapu vyao vya sandwichi, nyuma ya gari ikaponyoka, likaenda kubamiza mti. Roland alikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika.

Maelezo ya Wilf yalikuwa mafupi na yamenyooka mno. Watu wanaosema kweli hujikwaa hapa na pale, hurudi nyuma, hujisahihisha. Wilf hakujikwaa hata mara moja.

"Wamenuniana tangu Pasaka," mkuu wa kituo alimwambia Garbett. "Baa nzima ilimsikia akimwambia Roland gari hilo litakuja kumzika. Sasa limemzika, na yeye mwenyewe kakiri. Unataka nini zaidi, mama, akuimbie?"

"Nataka kuiona hiyo nati."

"Ijumaa uchunguzi wa kifo unasikilizwa mahakamani. Nataka awe ameshtakiwa kabla ya hapo."

Wilf alikuwa na umri wa miaka sitini na tisa, na kifua chake kiliharibika siku nyingi kwa rangi za kupulizia. Kumpeleka jela kulikuwa sawa na kumchimbia kaburi, na Garbett alilijua hilo alipokuwa akivuka uwanja kuelekea kwenye banda la magari. 

Gari lenyewe lilikuwa Harrowby ya viti viwili, ya kijani, ya mwaka sitini na moja. Kiwanda kilichoitengeneza, kule Coventry, kilifungwa zamani. Wachache waliobaki nazo walizipenda kama wanaume wa kule wanavyopenda kila kitu kisichoweza kuwajibu. Upande wa kulia wa gari ulikuwa umebondeka mpaka kwenye kiti. Upande wa kushoto ulikuwa unang'aa, na mtu angesimama upande huo tu angedhani limekuja kupigwa picha.

Miguu miwili minene ilikuwa imechomoza chini yake. Ilikuwa ya Sajini Emrys Beddoes, mkaguzi wa magari wa polisi, Mwelshi asiyeweza kusema jambo kwa sauti ndogo.

"Umekuja na chai, afande, au na maswali?"

"Maswali."

"Basi nitabaki huku huku."

Alijivuta nje hata hivyo, akaketi sakafuni, akafuta mikono. Akamwonyesha kwa tochi mkono wa chuma wa upande wa kulia. Mbele mkono huo umefungwa kwenye fremu kwa bolti moja, nyuma umebeba gurudumu.

"Pale kwenye bolti pana bushi," Beddoes alisema. "Ni kibomba cha chuma kilichovikwa mpira. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira unajikunja na kujikunjua. Kibomba chenyewe hakizunguki, nati imekibana. Umenielewa?"

"Mpaka hapo, ndiyo."

"Sasa tazama mpira wenyewe."

Mpira ulikuwa umechanika pande zote. Beddoes aliutikisa mkono wa chuma, ukaenda mbele na kurudi nyuma kama jino la mtoto.

"Akiingia kona kwa kasi na kitu hiki, gurudumu la nyuma linakwenda linakotaka lenyewe. Hapo hata malaika asingeliokoa."

"Kwa sababu nati ililegea," Garbett alisema, akimpima.

"Nani kakuambia ililegea?" Beddoes aliokota spana ndefu kuliko mkono wake. "Nimeifungua leo asubuhi kwa hii. Nimening'inia hapa, afande, mimi na kilo zangu zote. Aliyeikaza nati hii alikuwa na nia nayo."

 Garbett alichukua karatasi za Wilf kutoka mfukoni, akazisoma tena pale kwenye maneno *nilisahau kuikaza*, akazirudisha.

"Mpira ni wa zamani?"

"Mpya kabisa. Bado una alama ya rangi ya dukani. Na hilo ndilo linaloniwasha. Mpira mpya uliokazwa vizuri hauchaniki hivi kwa muda mfupi wa kuendesha."

"Na upande wa kushoto?"

"Uko mzima. Mti haukuufikia."

"Bushi zilitiwa pamoja?"

"Bila shaka. Alama ile ile, rangi ile ile."

"Basi tuuulize wa kushoto," Garbett alisema, "maana wa kulia hautaweza kutuambia tena."

Beddoes akamtazama, kisha akacheka polepole, kama mtu aliyekumbushwa alipoweka miwani. Alisukuma jeki chini ya gurudumu la kushoto, akalipandisha mpaka mkono wa chuma ukalala sawa, kama unavyolala gari likiwa barabarani na mtu ndani. Akaomba chaki. Akachora mstari mmoja mfupi, kuanzia kwenye fremu hadi kwenye ncha ya kibomba cha bushi.

"Kama bushi hii ilikazwa inavyotakiwa," alisema, "nikilegeza nati, mstari utabaki vilevile. Tazama chaki. Usinitazame mimi, najua ninapendeza."

Akalegeza nati. Kibomba kikageuka chenyewe, ghafla, kwa mlio mfupi. Mstari wa chaki ukakatika, nusu moja ikabaki kwenye fremu na nusu nyingine ikaelekea sakafuni.

Walikaa wanautazama wote wawili.

"Nieleze polepole," Garbett alisema.

"Fundi anainua gari, magurudumu yananing'inia. Anatia bushi mpya, anaingiza bolti, lakini hakazi. Anashusha gari kwanza. Anaweka mzigo vitini, magunia ya mchanga, shemeji yake, chochote. Ndipo anakaza, mpira ukiwa umetulia katika hali utakayoishi nayo. Huyu alikaza gari likiwa bado juu. Aliposhusha tu, mpira ukasokotwa kabla gari halijatoka hata getini. Na kwenye kilima kile, kwa mwendo wa Roland..." 

"Wilf Preece angeweza kukosea hivyo?"

"Wilf? Afande, yule mzee humkalisha mteja ndani ya gari na gazeti la kusoma, huku yeye yuko chini anakaza. Nilikalishwa mimi mwaka juzi. Akasema nikae katikati, natosha viti vyote viwili."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye. Na hazikutiwa kwenye karakana yoyote." Beddoes alichokoa ukingoni mwa tundu la mkono wa chuma, akatoa uchafu mweupe uliokauka, akaunusa, akampa Garbett naye anuse. "Bushi huingia kwa shida. Karakana ina mashine ya kuzisukuma. Nyumbani mtu hutumia jiriwa, na sabuni ili iteleze. Hiyo ni lavenda, ua la zambarau la manukato. Hakuna fundi Ludbury nzima anayenawa kwa lavenda."

Garbett alifikiri njia nzima kwenda karakana ya Wilf, na kwanza alifikiri vibaya. Alimfikiria Roland mwenyewe. Mtu mbishi, amegombana na fundi wake, anajifungia gerejini kwake kufanya kazi asiyoijua vizuri. Ilikaa sawa, na ingefunga faili bila kumuumiza aliye hai. Alipofika kwenye taa za sokoni akakumbuka ripoti ya daktari. Kifundo cha mkono wa kulia wa marehemu kilikuwa kimevunjika kiangazi hicho, na plasta ilitolewa wiki moja tu kabla ya mashindano. Mtu mwenye plasta haingizi bushi, na hakazi nati mpaka Beddoes aning'inie kuifungua.

Wilf alikuwa nje kwa dhamana. Garbett alimkuta anafagia sakafu ya karakana ambayo haikuwa na uchafu. Ukutani vifaa vyake vyote vilining'inia mahali pake, na kila kimoja kilikuwa kimepakwa rangi ya njano mpini au mguu, ili aliyeazima asijisahau.

"Umekuja kunichukua, Hilary?"

"Nimekuja kuuliza jambo dogo. Ile nati uliyoisahau. Uliilegeza kiasi gani?"

"Kiasi cha kutosha."

"Robo? Nusu mzunguko?"

"Nusu. Sijui. Nimekwisha kuandika, sivyo? Mzee anakuja mwenyewe na kosa lake, mnamsumbua kwa hesabu."

"Nati ilikuwa imekazwa, Bwana Preece. Sajini wangu ameifungua kwa shida."

Ufagio ulisimama.

"Imekazwa?"

"Zote mbili."

Alimtazama kama asiyesikia vizuri.  Kisha Wilf akakaa juu ya tairi, akaweka mikono magotini.

"Juu ya stendi," alisema, si kwa Garbett. "Maskini. Alikaza likiwa juu ya stendi."

Garbett alimgeukia.

"Sijataja stendi."

Wilf alifumba macho. Kifua kilimbana, akakohoa mpaka akalazimika kuinama. Garbett alimwacha amalize, kisha akaelekeza kidole ukutani, mahali palipobaki misumari mitupu.

"Kila kitu chako kiko mahali pake isipokuwa hapo. Jumapili jioni niliona jozi ya stendi za njano, za kushikilia gari lililoinuliwa, gerejini kwa Tipton, zimewekewa ubao wa maua. Nani aliziazima?"

"Roland."

"Roland alikuwa hakusemeshi."

"Alituma mtu."

"Alimtuma nani, Wilf?"

 Wilf akatoa kitambaa, akafuta mdomo, akakikunja kwa uangalifu wa kupoteza muda.

"Nisikilize, binti," alisema mwishowe. "Wewe umeshapata mkosaji. Anakula vizuri, hakimbii, hana mke wa kumlilia. Kifua hiki hakinipi Krismasi mbili. Mfunge huyo, umwache mtu mwingine aendelee kulala usiku."

"Kosa si lako."

"Si langu?" Sauti ilimpanda. "Mimi ndiye mkaguzi wa klabu! Ijumaa lile gari lilipita hapa, lilisimama hapo ulipo wewe. Najua kinachotakiwa, kulala chini na kutazama. Lakini nilijiambia, Wilf, ukikuta kosa watasema ni chuki, ni yale ya Pasaka. Nikazunguka gari mara moja, nikabandika stika. Sikuinama, Hilary. Ningeinama ningeona mpira umeanza kuchanika, ningeona hata bila miwani. Sikuinama kwa sababu ya fahari ya wajinga wawili." Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Halafu mwanamke wa watu aje aambiwe kwamba mikono yake ndiyo iliyomuua mumewe? Na mimi nimekaa hapa nafagia?"

Alisikia alichokisema baada ya kukisema. Akainamisha kichwa.

Garbett aliketi kwenye tairi la pili. Alijisikia vibaya, na si kwa sababu ya Wilf peke yake. Jumapili jioni alikaa na Beryl Tipton saa nzima, akamshika mkono, akamuuliza Roland alikula nini asubuhi na alilala vipi. Kisha akatoka akamuuliza kila mwanamume wa klabu ile, mmoja baada ya mwingine, nani aliligusa gari. Mwanamke mwenyewe hakumuuliza. Kosa hilo lingefanywa na mpelelezi wa kiume, angemtukana kimoyomoyo, na alijitukana vilevile.

"Asijue, Hilary," Wilf alisema. "Nakuomba. Nikimuomba mtu kitu mara moja maishani, ni hiki."

"Siwezi kukufunga kwa nati iliyokazwa, Wilf."

Nyumba ya akina Tipton ilikuwa mwisho wa barabara ya kanisa. Beryl alifungua mlango akiwa na aproni, mwanamke mfupi wa miaka sitini, nywele zimebanwa vizuri. Alimpeleka moja kwa moja jikoni, akaweka birika motoni kabla hajaulizwa. Kwenye sinki palikuwa na kipande cha sabuni ya zambarau. Garbett alinawa mikono kwa kisingizio cha vumbi, akanusa vidole vyake, ikawa lavenda ile ile, akakaa.

Njiani alikuwa amepanga maneno. Alipanga kuanza mbali, kuzungumzia jinsi kazi za magari zilivyo ngumu, jinsi kosa linavyoweza kumpata mtu yeyote. Beryl alipoweka vikombe mezani, maneno yote yakamkimbia.

"Bi Tipton, nani alibadilisha zile bushi za nyuma?"

"Mimi," Beryl alisema. "Maziwa unatia?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, mpenzi. Hakuna aliyeniuliza. Walikuja wanaume wa klabu hapa, wakakaa hapo hapo ulipokaa, wakabishana mbele yangu nani aliligusa gari. Mimi nikawa nawakatia keki."

Alikaa. Mikono yake ilikuwa midogo, kucha zimekatwa fupi, na pembeni ya kidole gumba palikuwa na kovu jipya la kubanwa na chuma.

"Nilijiandikisha darasa la jioni pale chuo cha ufundi," alisema. "Umakanika. Mimi na vijana. Roly wangu alicheka mpaka akatoa machozi. Lakini unajua, tangu tuoane, Jumapili zangu nimezungumza na miguu yake. Yeye yuko chini ya gari, mimi nimesimama na sahani. Nikasema siku moja na mimi nitashuka huko chini, nimwone uso."

"Kisha akavunjika mkono."

"Alianguka kwenye ngazi, anachuma tufaha. Na bushi zimekwisha, na kwa Wilf hawezi kwenda kwa ajili ya ule ugomvi wao wa kipuuzi. Akanitazama pale mezani. Akasema, 'Bibie, ile shule yako imefika wapi?'" Alitabasamu, na tabasamu lilimwumbua, likatetemeka. "Nikaenda kuazima stendi. Wilf alinipa bila neno. Jumamosi mbili tulikuwa gerejini. Yeye kwenye kigoda na plasta yake, ananielekeza, mimi nimejaa grisi mpaka masikioni. Sijawahi kufurahi hivyo na yule mtu. Hata tulipokuwa wachumba."

Birika lililia. Hakuna aliyeinuka, mpaka Garbett akainuka yeye, akalizima, akarudi. Ilikuwa lazima aseme sasa, na alianza vibaya kama alivyojua ataanza.

"Kuna jambo moja katika kukaza zile nati. Ni jambo dogo. Hata mafundi wa kweli..."

"Tulikaza likiwa juu," Beryl alisema.

Garbett aliweka kikombe chini.

"Najua, mpenzi. Nimejua tangu niliposikia nyuma ndiyo iliyoponyoka. Nilikuwa nimesimama pale kwenye nyasi na chupa ya chai, nikajua. Shusha kwanza, kaza baadaye. Mwalimu alitufundisha hilo mwanzo kabisa, akatuimbisha kama watoto."

"Basi ulisahau tu. Ni kitu cha kawaida."

"Sikusahau." Beryl alisukuma kikombe chake kando. "Nilimwambia. Nilikuwa nimelala chini, spana mkononi, nikasema, 'Roly, si tulishushe kwanza?' Akacheka. Si kwa ubaya, usimfikirie vibaya. Akasema, 'Muhula mmoja wa darasa la jioni, na bibi huyu anamfundisha Roland Tipton magari! Kaza, bibie, kaza kweli kweli.' Na mimi nikacheka. Nikakaza."

"Yeye hakujua?"

"Angejuaje? Kazi ile alifanyiwa na Wilf miaka yote. Yeye alikaa juu na gazeti. Nadhani alifikiri ni namna ya Wilf ya kumnyamazisha." Akatazama mikono yake. "Mimi nilijua. Ningesema mara ya pili, angelishusha. Hakuwa mtu mbaya, ningesema mara ya pili tu. Lakini tulikuwa tumefurahi, na sikutaka kuharibu."

Machozi hayakuja. Garbett alitamani yaje, maana alijua la kufanya mtu akilia. Na alikuwa bado hajasema lililomleta.

"Wilf Preece amekuja kituoni," alisema. "Amesema ni yeye. Kwamba alilegeza nati akasahau. Mkuu wangu anataka kumshtaki kabla ya Ijumaa."

"Wilf?"

"Alidhani uliacha nati wazi. Hakutaka ujue."

"Mpumbavu," Beryl alisema kwa sauti ndogo. "Mzee mpumbavu wa kifua kibovu." Na hapo ndipo alipolia, amefunika uso kwa aproni, mabega yakimpanda na kushuka. Garbett alivuta kiti akakaa karibu naye. Beryl alipomaliza, alikunja aproni magotini kama mtu aliyemaliza kazi.

"Hatafungwa?"

"Nikiandika ulivyoniambia, hatafungwa. Wala wewe. Hakimu atasema ni ajali, na ni kweli ni ajali. Lakini maelezo yatasomwa mahakamani, Bi Tipton, na klabu yote itakuwepo."

Beryl alielewa haraka kuliko Garbett alivyotarajia.

"Watasikia kwamba Roly hakujua."

"Ndiyo."

"Kwamba aliambiwa na mkewe, akacheka." Aliinuka, akaenda dirishani, akampa mgongo. "Huwajui wale. Hawatasema mbele yangu. Lakini pale baa, kila mwaka siku ya Prescombe, mtu atainua glasi atasema kaza, bibie, kaza. Na wote watacheka. Alikuwa mwenyekiti wao. Alikuwa hana kingine, mpenzi, ila lile gari na kuheshimiwa na wale wapumbavu." Akageuka. "Andika ni mimi. Andika sikujua. Mwanamke wa darasa la jioni. Wataamini mara moja, hawatauliza swali hata moja."

"Wataamini, ndiyo," Garbett alisema. "Jumapili hata mimi ningeamini."

"Basi andika."

"Ukitaka hivyo, nitaandika ulichosema, nawe utatia sahihi, na mimi nitajua ni uongo. Mfukoni nina uongo mwingine, wa mzee anayetaka kufungwa kwa ajili yako. Sitaki wa pili."

 Nje mtu alipita na mbwa, akainua kofia kuelekea dirishani, na Beryl akamwinulia mkono kwa mazoea. Kisha akarudi mezani, akakaa, akavuta kiti mbele.

"Toa kalamu yako," alisema.

Garbett aliitoa.

"Andika kwamba bushi nilizitia mimi. Andika nilijua gari lishushwe kwanza, nilimwambia mara moja, akanijibu nikaze, nami nikakaza. Andika hivyo hivyo. Usiipambe, na usinitetee."

Garbett aliandika. Alimsomea mstari kwa mstari, na Beryl alitikisa kichwa kukubali kila mmoja, hadi wa mwisho. Alipopewa kalamu atie sahihi, aliishika bila kuandika.

"Imebaki sentensi moja," alisema.

"Sema."

"Andika kwamba siku ile Bwana Tipton alikuwa amefurahi sana."

Mahakama haikuwa na haja ya sentensi hiyo, na mkuu wake angeikata. Garbett aliiandika, kwa mwandiko ule ule, akamgeuzia karatasi. Beryl akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata maneno, kisha akatia sahihi.